Karatasi za Honorable Ézéchias

Ofisi ya mbunge Ézéchias pale Butembo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Ndani kulikuwa na meza, mashini ya kuandikia, kabati la chuma, na benchi refu la wanaongoja. Hulda aliketi nyuma ya mashini hiyo tangu bunge la mpito lilipofunguliwa Kinshasa na Ézéchias akawa mmoja wa walioteuliwa kuingia. Zamani Hulda alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa. Askari walipoigeuza shule kuwa kambi, akabaki bila darasa, na mchungaji akamtambulisha kwa mbunge kama mwanamke anayepiga mashini bila kutazama vidole vyake.

Watu walianza kuja kabla ya saa mbili asubuhi. Mjane alitaka majina ya mume wake yatafutwe katika orodha za watumishi wa serikali. Mzazi alitaka diploma ya mwanawe ifuatiliwe Kinshasa. Wakulima wa Lubero walikuja na ugomvi wa mipaka, kila upande kwa siku yake. Hulda aliwasikiliza wote, akaandika jina na kijiji kwenye daftari, kisha akapiga barua. Ofisi haikuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Barua iliyoombwa kuliko zote ilikuwa ya safari. Vita vilisemekana vimekwisha, lakini kila kipande cha njia kilikuwa na wenye bunduki wake, na kila bariyeri, mti uliolazwa kukatiza njia, iliuliza maswali yake. Barua ilisema kwamba mwenye kuishika anajulikana na ofisi ya mbunge, ni raia mtulivu, na wakubwa wa serikali na wa jeshi wanaombwa wamsaidie. Ézéchias mwenyewe alikuja Butembo mara moja kwa miezi mitatu au minne. Kila alipoondoka alimwachia Hulda karatasi nyeupe, na chini kwenye kona ya kulia ya kila moja sahihi yake ilikuwa imekwisha kuwekwa.

"Weye jaza juu tu," alimwambia. "Miye nakuamini."

Hulda alijifunza kuipanga karatasi kwenye mashini hivi kwamba mstari wa mwisho uangukie vidole viwili juu ya sahihi. Hakuna aliyeweza kujua kwamba sahihi ilitangulia maneno.

Mathe alifika asubuhi moja ya mvua mwezi wa tatu. Alikuwa mtu wa Mbau, kule njia ya Oicha, mwenye shamba la kakao lililokuwa limeanza kuzaa. Risasi zilipolia karibu na kijiji chao alikimbilia Butembo pamoja na mke wake na watoto, na mama yake akabaki.

"Mama hawezi kutembea," alisema. "Miguu yake ilikufa. Jirani mumoja ndiye anamupa chakula. Nataka kwenda kumubeba. Lakini ku bariyeri banatuuliza, weye ulikimbia juu ya nini? Ukisema uliogopa, banasema uko mutu wa bale ba mu pori."

Hulda akamwandikia. Mathe alisoma jina lake mara tatu, midomo ikisogea, kisha akaikunja barua na kuiweka ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya shati.

"Na hii nitapita?"

"Utapita," Hulda alimwambia. Alikuwa akiwaambia wote hivyo.

Siku kumi na tatu baadaye mke wa Mathe akaja. Jina lake Kanyere, mwanamke mfupi mwenye mtoto mgongoni. Hakuketi kwenye benchi. Alipita mbele ya watu wote mpaka mezani.

"Mama, ile barua yako ndiyo ilifanya bamukamate."

Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia huko njiani. Wiki tatu nyuma mbunge alikuwa amesema katika redio, akiwa Kinshasa, kwamba askari wa bariyeri ya Mbau wanawanyang'anya wakulima mavuno. Butembo sokoni watu walishangilia. Hata Hulda alikuwa amefurahi, maana yalikuwa maneno ya kweli. Lakini meja aliyeongoza askari wale alikuwa na redio pia. Tangu siku hiyo, kila aliyefika bariyeri na sahihi ya Ézéchias mfukoni alihesabiwa kuwa mpelelezi wake.

"Nilikwenda mupaka kule," Kanyere alisema. "Nilimuona katikati ya mbao za ukuta. Balibaweka mu hangari, ile ghala ya kahawa. Beko batano. Bote batano ni barua yako."

Hulda alifungua daftari. Tangu siku ile ya redio alikuwa amewaandikia watu kumi na mmoja wa njia ya Mbau. Alipitisha kidole juu ya majina. Wengine aliwakumbuka sura. Mmoja alikuwa ameacha ndizi mezani kama shukrani, na Shekinah, binti yake Hulda, alikuwa amezila.

Alimpigia mbunge simu mchana huo. Sauti ilikuja na kupotea.

"Andika ingine," Ézéchias alisema. "Ya nguvu zaidi. Piga kashe, ule muhuri, mara mbili."

"Honorable, barua ndiyo inabafunga. Ni jina lako ndilo hataki kuona."

"Hulda. Mutu akifika ku ofisi yangu, asitoke mikono mitupu. Unanisikia? Watu ndio walinituma huku."

Hakuna watu waliomtuma, aliteuliwa. Simu ilikatika yenyewe.

Mtu wa pili wa kusema naye alikuwa Paulin, shemeji wa mbunge, ambaye alishika ufunguo wa ofisi na muhuri. Hulda alimwomba waandike mlangoni kwamba barua za kwenda Mbau zimesimama kwa muda. Paulin alimtazama kama mtu anayemwonea huruma.

"Donc tuandike ku mulango, honorable anaogopa meja? Ni vile unataka?"

"Nataka batu basikamatwe."

"Tukifunga hii, kesho banauliza, sasa munafanya nini mule ndani? Mama Shekinah, fanya kazi yako."

Watatu walikuwa kwenye benchi siku hiyo wakingoja barua za Oicha, na mtu hafiki Oicha bila kupita Mbau. Paulin aliegemea kabati huku Hulda akipiga. Hulda alipomkabidhi mwanamke wa kwanza karatasi yake, aliinama kana kwamba anaokota kalamu, akamnong'oneza asiionyeshe Mbau kabisa.

Mwanamke akanyanyua uso. "Basi unanipa ya nini?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote.

Jioni Paulin hakupiga kelele. Alimkumbusha tu kwamba chumba anacholala na mtoto wake na dada yake Jokébed kimo ndani ya uwanja wa honorable, na kwamba wapiga mashini wengine wapo. Hulda akarudi nyumbani, akapika, akamsikiliza Shekinah akisoma kitabu chake cha shule. Kila alichofikiria kilikuwa na ukuta mbele yake. Akiandika, watu wanaingia hangarini. Akikataa, Paulin ataweka mwingine kwenye kiti, na mwingine huyo hatajua hata kunong'ona. Na akienda kusema hadharani, watalala wapi?

Zilikuwa zimebaki karatasi saba zenye sahihi. Siku ya Alhamisi alizichukua zote kabatini wakati Paulin alipokuwa dukani mbele, akazikunja ndani ya Biblia yake. Akamwambia Paulin ana homa. Kisha akaenda kwa Kanyere.

"Twende kwa huyo meja."

"Utamuambia nini?"

"Kweli tu."

Walipanda lori la mbao mpaka Beni, wakalala kwa mjomba wa Kanyere, na asubuhi wakachukua pikipiki mbili kwenda Mbau. Msitu ulikuwa karibu na njia pande zote. Pikipiki zikasimama mbali na bariyeri. Madereva hawakutaka kusogea zaidi. Wanawake wale wakatembea.

Meja hakuwa kama Hulda alivyomfikiria. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alikunywa chai katika kikombe cha udongo chini ya mabati ya ofisi ya zamani ya ushirika wa kahawa. Alizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Lingala, bila haraka.

"Weye ni nani?"

"Ni miye ninaandikaka zile barua, mon major. Bale batano mulifunga, honorable habajui. Hata jina la mumoja hajui."

"Lokuta. Uongo. Sahihi ni yake."

Hulda alifungua Biblia, akaziweka zile karatasi saba juu ya meza, moja kando ya nyingine. Meja aliinama. Alizitazama kwa muda mrefu, akainua moja akaielekeza kwenye mwanga, akaugusa wino kwa kidole. Kisha akaanza kucheka polepole, akawaita askari wawili waje kuona.

"Député, mbunge muzima, anasign papier ya bure, haina hata neno! Angalia. Bure kabisa! Hapa ninaweza kuandika kwamba ananipa nyumba yake."

Askari wakacheka. Kanyere, aliyesimama karibu na mlango, hakucheka, wala Hulda. Huyu aliona aibu iliyomchoma shingoni, kana kwamba yeye ndiye aliyevuliwa nguo.

Meja alitaka yaandikwe. Kulikuwa na mashini pale, iliyotolewa katika shule fulani, bado na namba ya rangi nyeupe ubavuni. Hulda akaketi, akapiga maelezo yake: jina lake, kazi yake, kwamba karatasi zilisainiwa kabla, kwamba walioomba barua walikuja wenyewe kwa shida zao na hawakutumwa na mtu yeyote.

"Ongeza hapa," meja alisema. "Andika kwamba honorable alibatuma kuhesabu askari."

"Hiyo sikuiona."

"Andika."

"Mon major, hiyo siandiki. Nitaandika ile niliona."

Meja akamwacha. Alikwenda bariyerini, akarudi, akala, akalala usingizi mfupi kwenye kiti. Hulda alibaki mbele ya mashini, na Kanyere akakaa chini kando yake akimnyonyesha mtoto. Hangari ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Mara kwa mara mtu alikohoa mule ndani, na kila kikohozi Kanyere alisema bila sauti, "Ni yeye," au "Huyo si yeye." Hulda alijua kwamba mstari mmoja tu ungefungua mlango ule. Alijua pia kwamba mstari huo ungewafanya wale watano wapelelezi kwa maandishi, popote watakapokwenda baadaye, na mkono ulioandika ungekuwa wake. Vidole vyake vilikaa juu ya mapaja.

Saa tisa na nusu meja alichukua karatasi jinsi ilivyokuwa. Pengine alichoka. Pengine zile karatasi nyeupe zilimtosha, maana alizifungia ndani ya sanduku lake mwenyewe. Akatoa amri, na hangari ikafunguliwa.

Watano wale walitoka wakifunika macho. Mathe alikuwa amekonda, na kamba ilikuwa imemwachia vidonda kwenye mikono. Kanyere alimshika kiwiko. Hulda naye akainuka awafuate.

"Weye, bado," meja alisema.

Hulda akasimama.

"Nimeona unavyopiga. Hauangalii hata vidole. Hapa tuko na mashini, mutu wa kupiga hakuna. Kila laissez-passer, ruhusa ya kupita, naandika na mukono." Alipuliza chai yake. "Na weye, ku Butembo utarudi namna gani? Ile papier uliandika, nitatuma copie Kinshasa. Bale batu ba honorable batakufanya nini? Hapa hakuna mutu atakugusa."

Kilichomuumiza Hulda ni kwamba mtu yule hakudanganya.

Kanyere aligeuka njiani akamtazama. Hulda alimpungia mkono aende.

Walimlaza katika nyumba ya mjane aitwaye Kaswera, hatua chache kutoka kwenye mti wa bariyeri. Asubuhi aliitwa, jioni aliruhusiwa kutoka. Alipiga karatasi za ruhusa kwa wakulima waliokwenda mashambani mwao, kwa wanawake wa mawese, kwa watu waliokwenda kuzika. Mwenye kushika karatasi hii anajulikana na ofisi hii, ni raia mtulivu. Hakubadilisha maneno. Hakuwa na mengine.

Hakufungwa kamba hata siku moja. Jumapili ya pili alivaa kitenge chake, akatoka kana kwamba anakwenda mtoni, akaushika mwelekeo wa Beni. Baada ya muda alisikia mluzi nyuma. Askari mmoja alikuwa akimfuata, mikono mifukoni, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa. Hakumwita, hakumkimbilia. Hulda alitembea hatua nyingine ishirini hivi. Kisha akageuka, akampita askari yule bila kumtazama, akarudi.

"Ulifika wapi?" Kaswera alimuuliza.

"Ku kona."

Kaswera akamwekea ugali wa muhogo na mboga ya sombe, akaketi kumtazama akila.

Habari zilimfikia kwa vipande. Jokébed alituma neno kupitia muuza samaki: Paulin amewatoa kwenye uwanja, vitu vyao viko kwa shangazi, mtaa wa Furu, Shekinah ni mzima, anauliza mama atarudi lini. Na siku moja, katika redio ya meja, Hulda alisikia sauti ya Ézéchias ikisema kwamba karani mmoja asiye mwaminifu aliiba karatasi za ofisi yake na kuzipeleka kwa maadui wa wananchi, na kwamba ofisi inaendelea kuwahudumia watu kama kawaida. Meja aliongeza sauti ili Hulda asikie vizuri. Hulda akaendelea kupiga, akakosea jina la kijiji, akalifuta, akalikosea tena.

Wapo waliomjua. Mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akipita na magunia yake alimtambua, akatema mate karibu na mguu wa meza, akapokea karatasi yake akaenda. Hulda akamwita anayefuata.

Mathe alipita mwishoni mwa mwezi wa tano. Alikuwa anasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli, amefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha mbao, alikaa mama yake, mdogo kama mtoto wa shule, akitazama askari bila hofu yoyote. Jirani alikuwa amemtunza muda wote ule. Meja aliwasimamisha juani kwa nusu saa bila sababu. Hulda alipiga ruhusa yao na kuipeleka mwenyewe mpaka kwenye baiskeli, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa wengine.

Mathe aliipokea. Hakuisoma.

"Tuko Beni sasa, kwa mujomba wa Kanyere," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamshukuru kwa Kinande: "Wasingya."

"Huyu ni nani?" mama yake aliuliza.

"Ni ule mama aliandika barua."

Bibi akamtazama Hulda kwa makini, kisha akatikisa kichwa, na haikueleweka kama alishukuru au alilaumu. Baiskeli ikapita chini ya mti wa bariyeri.

Wiki mbili baadaye malori yalikuja kuwachukua askari wale kwenda kuchanganywa na wa makundi mengine, kama serikali mpya ilivyotaka. Ilifanyika kwa asubuhi moja. Walipakia vitanda, kuku, sufuria, mabati ya nyumba kadhaa. Meja alipanda gari dogo na sanduku lake magotini. Alimpita Hulda bila kumwona, kama mtu anavyopita mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama.

Vumbi likatulia. Mti wa bariyeri ulibaki umeinuliwa. Watu walianza kupita, kwanza wachache, wakiangalia huku na huku, kisha wengi.

Hulda aliketi nyuma ya mashini. Alijua wameondoka, aliyaona malori kwa macho yake, lakini mwili wake ulikataa kuinuka. Alinyoosha rundo la karatasi. Akafuta vumbi mezani. Mwanamke mmoja wa mawese alikuja, akasimama mbele yake kwa mazoea, na Hulda akaingiza karatasi kwenye mashini na kumuuliza jina. Mwanamke akataja. Hulda akaanza kupiga, na katikati ya mstari wote wawili wakaacha, wakatazamana. Mwanamke akabeba dumu lake akaenda.

Saa sita Kaswera akaja na kufuli la mlango wake mkononi.

"Mama Hulda, balikwenda. Unangoja nani?"

Kaswera akamshika kwapani, akamwinua kama anavyoinuliwa mgonjwa, akamsindikiza mpaka nyumba ya mwisho ya Mbau. Kutoka pale alikwenda peke yake. Njia nzima, kabla ya kila kona, alitayarisha maneno atakayomwambia askari: jina lake, anatoka wapi, anakwenda kwa nani. Hakukuwa na askari. Alifika Beni jua likishuka, na miguu ikiwa imevimba, na Kanyere alipomwona mlangoni alimwacha mtoto chini akamkumbatia.

Jokébed alimleta Shekinah siku tisa baadaye. Mtoto alikuwa amerefuka. Alimshika mama yake kidole, hakukiachia mpaka alipolala.

Jokébed alieleza ya Butembo. Ofisi ingali inafunguliwa kabla ya saa mbili. Msichana mwingine anapiga mashini, mtoto wa mtu wa Katwa, na benchi limejaa kila siku. Mbunge alikuja, akakaa siku nne, akasalimiana na watu kanisani.

"Alimuachia karatasi?" Hulda aliuliza. "Zile nyeupe?"

"Najuaje? Miye siingiaka mule."

Hulda aliomba kalamu. Hakuwa ameandika kwa mkono kwa muda mrefu, na herufi zilimtoka zimelala. Alimwandikia msichana yule kurasa mbili, akamweleza yote kwa mpangilio, pamoja na majina ya wale watano, akamwomba kwanza aulize ni nani anayeishika njia kabla hajampa mtu barua ya kuipita. Jokébed aliificha ndani ya unga.

Aliporudi safari nyingine alisema aliifikisha mkononi mwa msichana, na kwamba Paulin alikuwa amesimama pale pale karibu na kabati. Kama msichana aliisoma, hakujibu. Hulda alipata darasa la pili katika shule moja ya Beni, watoto sitini na wanane, na hakurudi Butembo. Jioni, pale kwa mjomba wa Kanyere, alikuwa akimsikiliza Shekinah akisoma, na Kanyere akitwanga upande wa pili wa uwanja, na mama yake Mathe akiuliza kila siku, kwa sauti kubwa, ni lini watampeleka nyumbani kwake Mbau.